Dasara ya Mysuru au ya Kullu: ipi inamfaa mzee aliyebadilishiwa goti, na mji gani wa milimani?

Bint Walukuba, Jinja

Assalamu alaykum, na salamu kwa wanajukwaa wote.

Baba yangu, ambaye amevuka miaka 65, alibadilishiwa goti katika hospitali moja mjini Bengaluru, na daktari ametutaka turudi mwezi wa Oktoba 2026 ili amkague. Kati ya vipimo vya mwanzo na siku ya kumwona daktari kwa mara ya mwisho tutakuwa na zaidi ya wiki moja ya kusubiri, na mzee amekwisha kutangaza kwamba safari hii hatakubali kuimaliza akitazama dari la nyumba ya wageni. Alifanya kazi miaka mingi na Wahindi hapa kwetu, akazoea kuwaona wakicheza dandia, ngoma yao ya vijiti, usiku wa Navaratri, yaani sikukuu ya siku tisa inayotangulia Dasara, na kuwasha taa za Diwali, na sasa anatamani kuziona sikukuu hizo zikiadhimishwa kwao. Mimi, kwa upande wangu, natamani milima na treni ndogo zinazopanda kwenye mashamba ya chai.

Nimesoma habari za Dasara ya Mysuru, ambayo inaonekana kuwa karibu na Bengaluru, na pia za Dasara ya Kullu kule Himalaya, ambayo picha zake zimenivutia zaidi. Naomba mwenye uzoefu anieleze ni ipi inayowezekana kwa muda tulio nao, ni mji gani wa milimani unaoweza kuunganishwa nayo bila kumchosha mzee, na kama tarehe zinaafikiana na Oktoba. Tena sisi ni Waislamu, nasi tungependa kutazama kwa heshima bila ya kujikuta tumeingia katika ibada isiyo yetu.

Aliyesoma Mysuru, Kampala

Wa alaykum salaam, dada. Nilisoma chuo mjini Mysuru, kwa hiyo nitajibu kwa urefu kidogo, na sitaficha kwamba nina upendeleo.

Nianze na tarehe, kwa sababu wengi wetu hukosea hapo. Kalenda ya Kihindu hufuata mwezi mwandamo kama ile ya Hijria, lakini kila baada ya miaka miwili na nusu hadi mitatu huongezewa mwezi mzima ili isiachane na majira ya jua. Ndiyo maana Ramadhani huzunguka misimu yote, ilhali Dasara daima huangukia kati ya mwisho wa Septemba na sehemu ya mwisho ya Oktoba. Mwaka 2026 una mwezi huo wa ziada, kati ya Mei na Juni, na kwa sababu hiyo sikukuu zinazofuata zinachelewa: Navaratri inaanza tarehe 11 Oktoba, siku ya kumi, yaani Dasara yenyewe, ambayo ndiyo kilele inafika karibu na tarehe 20, na Diwali ni tarehe 8 Novemba. Kwa hiyo Diwali iondoeni katika hesabu, lakini Dasara imewaangukia mikononi. Tarehe kamili ya maandamano ya Mysuru ithibitisheni katika tangazo la serikali ya jimbo la Karnataka, kwa maana siku ya kumi huweza kusogea kwa siku moja kulingana na saa ambayo mwezi unafikia kiwango chake.

Jambo la pili ambalo mzee atalifurahia, au labda litamshangaza, ni kwamba sikukuu atakayoikuta Mysuru si ile aliyoizoea. Wahindi wengi wa Uganda asili yao ni Gujarat, na Navaratri yao ni ya kucheza garba na dandia usiku kucha. Kusini hakuna desturi hiyo kwa kiasi hicho. Mysuru watu hupanga wanasesere kwa ngazi ndani ya nyumba zao, na siku ya tisa huviheshimu vyombo vya kazi: mabasi, bajaji, mashine za kushonea, hata kompyuta za ofisini huvishwa maua ya manjano, na maboga hupasuliwa barabarani mbele ya magari. Hata kisa kinachosimuliwa ni kingine. Kaskazini wanakumbuka mungu Rama alivyomshinda dubwana Ravana, ndiyo maana huchoma sanamu kubwa za Ravana. Mysuru wanamkumbuka mungu wa kike Chamundeshwari alivyomuua Mahishasura, dubwana lenye umbo la nyati, na hekalu lake liko juu ya mlima Chamundi unaoutazama mji.

Sherehe yenyewe ni ya kifalme. Watawala wa ukoo wa Wodeyar waliianzisha Srirangapatna mwaka 1610, kisha ikahamia Mysuru, na ingawa ufalme haupo tena, serikali ya jimbo imeiendeleza. Siku ya mwisho sanamu ya Chamundeshwari hubebwa na ndovu katika kiti kilichofunikwa kwa dhahabu chenye uzito wa kilo 750 hivi, akifuatwa na ndovu wengine, wapanda farasi, ngoma na vikundi vya wacheza ngoma, kutoka kasri hadi uwanja wa Bannimantap, umbali wa karibu kilomita tano. Kasri lenyewe, lililokamilika mwaka 1912 baada ya lile la awali la mbao kuungua, huwashwa taa karibu laki moja kila jioni ya sikukuu. Nimewaona watu wazima wakinyamaza ghafla taa zile zinapowaka kwa pamoja.

Hata hivyo, dada, siku ya mwisho mimi siipendekezi kwa mzee mwenye goti jipya. Watu husimama tangu asubuhi, barabara hufungwa, na ukishaingia katika msongamano huwezi kutoka unapotaka. Tiketi za viti karibu na kasri huuzwa mtandaoni lakini huisha haraka, na hata mwenye tiketi hutembea mbali hadi kufika langoni. Ushauri wangu ni mfike Mysuru siku ya tatu au ya nne ya Navaratri. Jioni zote kuna taa, muziki wa bure katika uwanja wa kasri, maonyesho ya maua na soko la sikukuu, na nafasi ya kukaa ipo. Mlima Chamundi una ngazi zipatazo elfu moja, lakini barabara ya gari inafika juu kabisa, kwa hiyo ngazi mwachieni kijana.

Kuhusu milima, jirani ya Mysuru ni Ooty, katika jimbo la Tamil Nadu, safari ya kilomita 125 hivi. Uko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, yaani juu kidogo kuliko Kabale, na mtu anayeijua Kabale hatajiona mgeni: mikalitusi kila upande, ukungu wa asubuhi, viazi na karoti kwenye matuta, baridi inayodai sweta. Chai yake mtailinganisha wenyewe na ile ya Fort Portal. Kwa kimo hicho watu wengi hawapati maradhi ya mwinuko, ambayo kwa kawaida huanza kusumbua kuanzia mita 2,500 kwenda juu, ingawa ni vizuri mumuulize daktari wenu mkiwa bado Bengaluru.

Barabara hupita katikati ya hifadhi za Bandipur na Mudumalai, ambako ndovu na swala huonekana bila kulipia safari ya wanyama. Kuna sharti moja: Bandipur hufungwa kwa magari ya kawaida kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo ondokeni Mysuru mapema. Aidha, tangu Mei 2024, kwa amri ya Mahakama Kuu ya Madras, gari linaloingia milima hiyo kutoka nje linahitaji kibali cha mtandaoni. Hakikisheni dereva amekipata kabla ya kuondoka, wala si mnapofika kwenye kizuizi.

Treni unayoitamani ipo. Ilifika Coonoor, mji ulio chini kidogo ya Ooty, mwaka 1899 na Ooty mwaka 1908, na UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2005. Kati ya Kallar na Coonoor mlima ni mkali kiasi kwamba katikati ya reli kumelazwa reli nyingine yenye meno, na gurudumu la meno chini ya injini huyashika ili treni isirudi nyuma. Safari nzima ya kilomita 46 kutoka Mettupalayam, chini ya mlima, huchukua karibu saa tano kwenye viti vilivyobanana, jambo ambalo goti la mzee halitalisamehe. Pandeni kipande cha Ooty hadi Coonoor peke yake, kilomita 19 hivi, chenye mashamba ya chai na mahandaki, kisha gari liwapokee Coonoor. Tena Oktoba ni mwanzo wa mvua za kaskazini-mashariki upande huo, na maporomoko ya udongo hufunga mara kwa mara kipande cha chini, wakati kile cha juu kinaendelea kufanya kazi.

Mwanachandigarh, Mbarara

Mwenzangu amesema vizuri, lakini ameipita Kullu kana kwamba haipo, nami nilisoma kaskazini, kwa hiyo niruhusiwe kuitetea.

Dasara ya Kullu huanza siku ileile ambayo kwingine kote inamalizika, na huendelea kwa siku saba. Katika karne ya 17 mfalme Jagat Singh aliletewa sanamu ya Raghunath, yaani Rama, kutoka Ayodhya, akamkabidhi utawala wa bonde zima. Tangu hapo miungu ya vijijini huja kumwamkia kila mwaka. Si lugha ya mafumbo. Zaidi ya miungu 200, kila mmoja na machela yake yenye vinyago vya fedha na dhahabu, hubebwa mabegani na watu wa kijiji chake, wengine kwa miguu kwa siku kadhaa kupitia njia za mlimani, hadi uwanja wa Dhalpur. Hidimba, mungu wa kike wa mji wa Manali, ndiye anayesubiriwa, kwa kuwa sherehe haianzi kabla hajafika. Machela hizo huyumba, hukimbia, hugeuka, na wabebaji husema kwamba ni mungu mwenyewe anayewaongoza. Ravana hachomwi, siku ya mwisho huchomwa rundo la nyasi na miti kando ya mto Beas. Kwa maoni yangu Mysuru ni gwaride la serikali lililopambwa vizuri sana, lakini Kullu ni mkutano wa watu na miungu yao, na mgeni anaruhusiwa kusimama katikati.

Mandhari nayo haina mpinzani. Oktoba mvua za masika ya Kihindi zimekwisha, mbingu ni safi, tufaha zinavunwa, na theluji inaonekana juu ya milima. Mtu akitaka treni, ipo ile ya Kalka hadi Shimla, iliyofunguliwa mwaka 1903, kilomita 96 zenye mahandaki 102, iliyojengwa kwa sababu Waingereza walikuwa wameufanya Shimla mji mkuu wao wa kiangazi tangu mwaka 1864 na walichoka kupanda huko kwa mikokoteni.

Baada ya kusema hayo yote, dada, mzee wetu usimpeleke. Kutoka Bengaluru mtaruka hadi Delhi au Chandigarh, kisha kuna saa nyingi za barabara ya kona, na basi la usiku kutoka Delhi hadi Manali peke yake huchukua kati ya saa 12 na 14. Barabara hiyo iliharibiwa vibaya na mafuriko ya Julai 2023, na kila baada ya mvua kubwa huwa na sehemu zinazotengenezwa. Zaidi ya hayo, sherehe ya mwaka 2026 itaanza karibu na tarehe 20 Oktoba, wakati ambao huenda daktari anawasubiri. Kullu iweke kwa safari yako mwenyewe.

Muuza Vitambaa, Kikuubo

Naongeza machache ya kibiashara na ya kawaida. Kwa wale wanaosoma uzi huu wakifikiria kuunganisha Diwali na ununuzi, msifanye hivyo. Surat na masoko mengi ya Gujarat hufungwa Diwali, na maduka mengi hayafungui tena mpaka siku ya tano ya mwaka wao mpya, ambayo huitwa Labh Pancham. Hata yakishafunguliwa, mafundi na vibarua wengi bado wako vijijini kwao. Wiki hizohizo familia za Gujarat husafiri kwa wingi kwenda miji ya milimani, na vyumba hupanda bei kuanzia Mount Abu hadi Manali. Mfanyabiashara amalize kazi yake wiki moja kabla ya taa kuwashwa.

Kwa dada wa Jinja: fedha tuliyoizoea ya kutuma na kulipa kwa simu haitakufaa kule. Wenyeji hulipa kila kitu kwa simu, hata nazi ya barabarani, lakini mfumo wao kwa kawaida umefungamana na benki zao, kwa hiyo tembea na rupia taslimu za noti ndogo. Pasipoti zenu zote mbili ziwe mkononi kila mnapobadilisha nyumba ya wageni, kwa kuwa mwenye nyumba analazimika kuwaandikisha wageni wa kigeni kwa serikali. Nyumba nyingine ndogo hukataa wageni kabisa ili kuepuka kazi hiyo, hivyo ulizeni kabla ya kulipa. Na cheti cha homa ya manjano msikisahau hata kama mmekwenda mara nyingi. Anayetoka Uganda bila cheti halali huweza kutengwa hadi siku sita anapowasili.

Bint Walukuba, Jinja

Nawashukuru sana, kaka zangu. Nimemsomea baba majibu yote. Ya Kullu yalimfanya anyamaze kwa muda, kisha akasema Ooty inatosha. Ila ameuliza swali moja ambalo sikuweza kulijibu: kufika Mysuru wakati wa Dasara na kukosa ndovu mwenye kiti cha dhahabu, je, si sawa na kwenda harusini ukaondoka kabla ya bibi harusi kutokea? Na lile la ibada bado halijajibiwa.

Jirani wa Hekalu, Kampala

Dada, nitalijibu la ibada, kwa kuwa nimefanya kazi na familia za Kihindu kwa muda mrefu na wameniita katika sikukuu zao.

Kutazama hakukatazwi, wala hakuna atakayekuhesabu kuwa umeabudu kwa sababu umesimama. Maandamano, taa za kasri na muziki ni mambo ya uwanjani ambayo Wahindu, Waislamu na Wakristo wa mji huo wote huyahudhuria. Tofauti huanza mlangoni mwa hekalu. Mkiingia, mnavua viatu, na mnazunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa, sanamu ikiwa upande wenu wa kulia, bila kupiga picha ndani ya chumba cha sanamu. Kuhani anaweza kuwapitishia sinia la moto ili mpitishe mikono, kuwapaka alama nyekundu katika paji la uso, na kuwapa chakula kilichotolewa kwa mungu. Asiyetaka hubaki nyuma ya ua, au huweka kiganja kifuani na kuinamisha kichwa kidogo, na jambo linaishia hapo. Sijawahi kuona mtu akilazimishwa. Kama chakula hicho mnaweza kukila au la, muulizeni sheikhe wenu kabla ya kuondoka Jinja, maana hilo si la jukwaani. Mkikipokea kwa mkono wa kulia kwa adabu kisha mkampa mwingine anayekitaka, mtoaji hatavunjika moyo.

Yapo mahekalu yasiyoruhusu asiye Mhindu kuingia kabisa, kama lile la Jagannath mjini Puri na la Padmanabhaswamy mjini Thiruvananthapuram. Hayo hayako katika njia yenu, lakini kibao cha mlangoni kisomeni kila mahali, na mkikatazwa msibishane na bawabu, kwa kuwa amri si yake.

Tena Navaratri itaanza hapa Kampala na Jinja usiku uleule itakapoanza kule. Kama mtakuwa bado hamjaondoka, mpelekeni mzee jioni moja. Jamii hiyo ilifukuzwa mwaka 1972, ikarudi baadaye kuyakuta mahekalu yake yamebadilishwa matumizi au kuachwa, na jinsi wanavyocheza siku hizo naamini kuna jambo ambalo hata India hatalikuta.

Aliyesoma Mysuru, Kampala

Mzee ana hoja, nami simbishii moja kwa moja. Kuna njia ya kati. Ndovu huletwa mjini kutoka kambi za msituni wiki nyingi kabla ya sikukuu, na hufanyishwa mazoezi katika barabara zilezile za maandamano, wakibebeshwa mifuko ya mchanga hadi kufikia uzito wa kiti, ili wauzoee pamoja na kelele za mizinga. Mazoezi hayo hayana tiketi wala msongamano mkubwa, na saa za kupita kwao mwenye nyumba ya wageni atazijua. Mzee akiketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya duka, ataona ndovu kwa ukaribu kuliko mwenye tiketi ya bei kubwa.

Kwa hiyo mpango ningeupanga hivi: kuanzia siku ya tatu ya Navaratri Mysuru, kisha Ooty katikati ya wiki, na kurudi Bengaluru kabla ya siku ya tisa. Mkichelewa mtakutana na nusu ya Bengaluru ikipanda milimani kwa mapumziko ya mwisho wa sikukuu, na barabara ya kona za Nilgiri, yaani milima ya Ooty, husimama kabisa. Maandamano yenyewe hurushwa moja kwa moja kwenye televisheni, hivyo mzee atayatazama kitandani, goti likiwa limenyooshwa.

Tiketi ya treni ya Coonoor ikateni siku 60 kabla, mara tu dirisha la kuuza linapofunguliwa, kwa sababu viti ni vichache. Wilaya ya Nilgiri imepiga marufuku chupa za maji za plastiki za kutumiwa mara moja na huzikagua njiani, kwa hiyo bebeni chupa ya chuma. Mzee achukue koti lake la Kabale. Jioni za Ooty atalihitaji.